Kapasita inayopoa: shajara ya mezani

Jumamosi, 8 Februari

Lengo nimeliandika kwa chaki ukutani, juu ya meza, nisije nikajidanganya mbele ya safari: nione kapasita ya kauri (kile kidude cha kwenye bodi kinachohifadhi chaji ya umeme) ikishuka chini ya joto la chumba, bila gesi, bila feni, bila barafu. Kupata moto hakuhesabiki. Kapasita yoyote mbovu inapata moto, na mimi hizo ndizo zinazonilisha.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1930 Kobeko na Kurchatov, kule Urusi, waliliona kwenye chumvi ya Rochelle: ukiiwekea uga wa umeme (ile nguvu iliyopo kati ya chanya na hasi) inapata joto kidogo, ukiuondoa inapoa kidogo. Kwa kuwa kilikuwa kidogo mno, watu wakaachana nacho kwa miaka mingi. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, likatoa namba iliyoamsha kila mtu: badiliko la nyuzi 12, kwa volti 25 tu. Lakini utando wao wa kauri ulikuwa na unene wa nanomita 350 na ulifanya hivyo ukiwa kwenye nyuzi 226. Ni sawa na kupoza ganda la kitunguu ukategemea sufuria nzima ipoe.

Kilichonivuta mimi ni kazi ya mwaka 2010 ya Kar-Narayan na Mathur, hao hao wa Cambridge. Walichukua kapasita ya kawaida ya tabaka nyingi, aina ya Y5V (msimbo unaoeleza kauri inavyobadilika kwa joto), wakapata badiliko la kama nusu nyuzi. Kapasita ya dukani! Mimi bodi mbovu ninazo debe zima chini ya meza.

Uzuri wa kapasita ya tabaka ni huu. Kauri yake imekatwa kama karatasi, mamia ya karatasi zilizopandana, na kati ya karatasi na karatasi kuna utando wa nikeli. Karatasi ikiwa nyembamba, volti chache zinatosha kutengeneza uga mkali. Karatasi zikiwa nyingi, unapata uzito wa kutosha kubeba joto linalopimika. Na nikeli hiyo hiyo inayoingiza umeme ndiyo inayotoa joto nje.

Jirani yangu hapa Buguruni ni fundi friji, mzee wa miaka mingi kwenye kazi. Akaja kuazima koleo, akasoma ukuta.

"Mwanangu, hiyo friji yako gesi yake ni ipi? Ile ya zamani au hii mpya inayowaka?"

"Haina gesi, mzee wangu."

"Haina gesi. Kompresa je?"

"Nayo haina."

"Sasa mimi na wanangu tutakula wapi?"

Nikamkatia kipande cha puto. Nikamwambia akivute kwa ghafla akiguse kwenye mdomo wa juu: kina moto. Akishike hivyo hivyo kikiwa kimevutwa mpaka kipoe, kisha akilegeze, akiguse tena: cha baridi. Alirudia mara tano. Kwenye kauri kinachovutwa ni mpangilio wa chaji: ndani ya bariamu titaneti kila chembe ya titani imekaa upande kidogo, hizi huku, zile kule, bila utaratibu. Uga wa umeme unazielekeza upande mmoja. Vurugu iliyopungua hapo inahamia kwenye mtikisiko wa atomu, na mtikisiko ndio joto. Ukiacha joto hilo liende zake, kisha ukaondoa uga, vurugu inarudi na kuchukua joto kwa jirani yake. Ndiyo friji yote. Mzee aliondoka na kipande cha puto mfukoni.

Jumapili, 9 Februari

Kutafuta Y5V. Tabu ni kwamba kapasita hizi ndogo hazina maandishi, na siku hizi aina hiyo haitengenezwi sana. Wiki iliyopita duka moja la vipuri Kariakoo liliniuzia ishirini kwa jina la Y5V. Leo nimezijua.

Kipimo ni rahisi na mafundi wenzangu wanaweza kukitumia: unganisha kapasita kwenye mita inayosoma faradi (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji), kisha ipulizie hewa moto ya bloa kwa mbali. Ikiwa ni X7R, aina iliyo tulivu zaidi, namba inacheza kidogo tu, maana imetengenezwa isitoke nje ya asilimia 15 kuanzia nyuzi -55 hadi 125. Ikiwa ni Y5V, namba inaporomoka mbele ya macho yako. Kanuni yake inaruhusu ipoteze hadi asilimia 82 ifikapo nyuzi 85. Ishirini zangu za dukani zilisimama imara kama nguzo. Zote X7R.

Kwa matumizi ya kawaida ningeshukuru. Kwa kazi hii ni hasara. Bariamu titaneti safi hubadilika umbo lake la ndani karibu na nyuzi 120, na hapo ndipo athari ninayoitafuta ina nguvu. Kwenye Y5V wamechanganya madini mengine, zirkoni kwa mfano, ili badiliko hilo lishuke hadi karibu na joto la chumba. Kile kinachoifanya kapasita mbaya kwa mtu wa redio ndicho ninachokitaka mimi.

Debe la bodi mbovu limenipa 14 za kuporomoka, zote za milimita 3.2 kwa 1.6, zikisoma karibu mikrofaradi 10. Moja nimeisugua kwa msasa wa maji hadi katikati, nikaiweka chini ya hadubini ya mafundi simu. Mistari ya nikeli inaonekana kama kurasa za msahafu zilizofungwa. Kwa makisio ya jicho, kauri kati ya mstari na mstari ni mikromita 6 hadi 7. Basi volti 100 zitanipa kama volti 15 kwa kila mikromita. Sonara wa mtaa wa pili akanipimia kumi kwa pamoja: gramu 0.5.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki imepotea, na kosa ni langu.

Kwa umeme nimepachika betri 12 za volti 9, moja ikivaa kichwa cha nyenzake, zinanipa volti 112 tulivu zisizo na mvumo wa umeme wa ukutani. Hilo lilikwenda vizuri. Kwa kupima joto nilitumia moduli ya MAX6675, chipu ya kusomea kihisi joto, kwa sababu ilikuwa kwenye droo. Nikibonyeza swichi, namba inapanda robo nyuzi. Nikitoa chaji, inashuka robo. Nilipiga kelele, mke wangu akaja kuangalia nani kapigwa shoti.

Baadaye jioni nikaona namba inapanda na kushuka robo hata nisipobonyeza kitu. Moduli ile haisomi badiliko dogo kuliko nyuzi 0.25. Ni kama kupima unene wa unywele kwa rula ya shule, na mimi nilikuwa nashangilia mistari ya rula.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeanza upya upande wa vipimo. Themokapo ya aina ya K (kihisi joto cha waya mbili za metali tofauti) inatoa mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja. Nikitafuta nyuzi 0.2, basi natafuta mikrovolti 8. Nimeweka kikuza ishara cha INA128 chenye rezista ya omu 100, kinakuza mara 501, kisha chipu ya ADS1115 inageuza volti kuwa namba na kuzipeleka kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta.

Jambo lililosaidia kuliko vyote ni kutumia themokapo mbili zilizogeuziana mgongo: moja imegandishwa kwa tone la gundi kwenye kapasita ya kazi, nyingine kwenye kapasita ya pili ambayo haiguswi na umeme wowote. Chumba kikipanda joto, zote zinapanda, na tofauti yao inabaki sifuri. Zote mbili nimezitumbukiza ndani ya hotipoti ya wali na kufunika. Upepo wa mlangoni haufiki humo.

Lakini bado sikuona kitu zaidi ya mruko wa nusu sekunde. Nikakaa na kalamu. Kapasita moja ina gramu 0.05, na kauri hii inahitaji karibu joule 0.45 kupandisha gramu moja nyuzi moja. Kwa hiyo milijoule 22 zinatosha kuipandisha nyuzi nzima. Waya nilizolehemu zilikuwa za shaba nene, nusu milimita mraba, urefu wa sentimita mbili. Hesabu inasema waya mbili hizo zinanyonya miliwati 20 kwa kila nyuzi ya tofauti. Joto langu lote linakimbia kwa sekunde moja hivi, kabla kikuza ishara hakijatulia. Nilikuwa nachota maji kwa pakacha.

Nimefumua transifoma ndogo na kuchukua waya wake wa unene wa milimita 0.1. Uvujaji kwa njia ya waya unashuka zaidi ya mara sitini, kinachobaki zaidi ni hewa. Sasa natarajia joto likae sekunde 15 au 20. Risasi nayo nimeipunguza hadi tone linaloonekana kwa taabu.

Jumatano, 26 Februari, saa nane usiku

Limeonekana.

Mchana haiwezekani: bajaji, mashine ya kusaga, welding ya jirani. Usiku huu mtaa umelala, feni nimezima, jasho linanichuruzika. Joto la chumba nyuzi 30. Nimesubiri dakika ishirini hadi mstari ukanyooka, nikabonyeza. Sekunde ya kwanza siihesabu, ni vurugu za umeme. Baada yake mstari uko juu kwa nyuzi 0.2, kisha unateremka taratibu, na kwa sekunde ya arobaini umebaki kidogo tu. Nikangoja hadi ukarudi kabisa kwenye sifuri, betri zikiwa bado zimeunganishwa. Nikamwaga chaji kupitia rezista ya kiloomu 1 iliyo nje ya hotipoti.

Mstari ukazama chini ya sifuri. Nyuzi 0.2 chini ya joto la chumba, ukakaa, ukarudi mdogo mdogo.

Sikushangilia safari hii. Nimeweka majaribio mawili ya kujipinga. La kwanza: nimegeuza betri, chanya kuwa hasi. Kama ni umeme unaoingilia themokapo, mstari nao ungegeuka. Haukugeuka, kuchaji kunapasha, kutoa chaji kunapoza, vyovyote betri zilivyokaa. La pili: nimehamishia themokapo na waya zile zile kwenye kapasita ya plastiki ya feni la dari, mikrofaradi 2.5. Mruko wa sekunde ya kwanza upo, baada ya hapo hakuna kitu. Na kama ingekuwa joto la upotevu ndani ya kauri, mstari ungepanda mara zote mbili. Hakuna upotevu unaopoza.

Nimeamsha mtu nyumbani kumwonyesha. Aliangalia mstari, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 2 Machi

Fupi. Betri 4, volti 37: nyuzi 0.05. Betri 8, volti 75: 0.13. Betri 12: 0.21. Nilitaka kupanda zaidi, nikaongeza hadi betri 20. Kwa volti 180 hivi kapasita ilitoa mlio wa kokoto, ikapasuka ubavu na kuwa shoti. Kauri hii inapochajiwa inatanuka kidogo, hiyo ndiyo inayofanya bodi nyingine ziimbe, na ufa mdogo ulioachwa na bloa wakati wa kuing'oa unatosha kuimaliza. Zimebaki 12. Hotipoti imepata alama nyeusi ndani na nimeambiwa nisiirudishe jikoni. Anayeiga hili ajue kwamba volti 100 za betri zinauma kuliko anavyodhani, na avae miwani.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani. Mzee wa friji anafunga kazi mapema, na kabla ya futari hupita kuangalia. Leo kaja na zawadi: kapasita ya kiyoyozi, mikrofaradi 50, kubwa kama kopo la maziwa.

"Hii itakufaa?"

Imenifaa kuliko alivyojua. Nimeiunga kwa mfuatano na kapasita yangu ndogo, ili kila chaji inayoingia kwenye ndogo ipite na kwa kubwa. Ile kubwa ikisoma volti 1.8, basi mikrokulombu 90 zimepita. Hapo nimepata picha mbili.

Ya kwanza inachekesha: kapasita ya mikrofaradi 10, kwenye volti 112, imebeba chaji kama ya kapasita ya mikrofaradi 0.8. Uga mkali umeshazipanga chembe zote, hakuna tena za kupanga.

Ya pili haichekeshi. Mikrokulombu 90 kutoka kwenye betri za volti 112 ni milijoule 10. Joto ninalohamisha ni nyuzi 0.21 mara milijoule 22, yaani milijoule 4.6. Nalipa 10 kuhamisha 4.6, na hapo bado sijapanda hata kilima kidogo cha joto. Friji ya mzee inahamisha joto zaidi ya umeme inaoula. Yangu inakula mara mbili ya inachohamisha.

Nilimweleza. Akatafuna neno kidogo, akasema, "Na huo umeme unapoumwaga, unaumwagia wapi?"

Kwenye rezista. Unageuka joto bure. Mzee aligusa mahali penyewe kwa swali moja, na ndipo nilipoelewa kwa nini watafiti wa taasisi ya LIST ya Luxembourg, wanaojenga friji za namna hii, wamehangaika sana na kurudisha umeme. Kapasita si hita: sehemu kubwa ya kilichoingia bado kimo ndani kwa muda wote huo, kinaweza kuchotwa tena.

Jumapili, 16 Machi

Mahesabu ya mezani tu. Mzee aliuliza lini atapata barafu. Glasi ya maji ya robo lita kutoka nyuzi 30 hadi kuganda inataka kutolewa kilojoule 115. Kapasita zangu 12, kila moja milijoule 4.6, mzunguko mmoja kila sekunde 5: miliwati 11. Joto lisipovuja hata chembe, barafu itakuwa tayari baada ya siku 121. Nimemwandikia tarehe kwenye risiti yake.

Wakubwa wamefika mbali kwa sababu mbili. Moja ni kauri yenyewe. Mwaka 2019 kundi la Cambridge pamoja na Murata ya Japani walitoa kapasita za tabaka za risasi, skandi na tantali, zikafika nyuzi 5.5 karibu na joto la chumba, kwa uga wa volti 29 kwa mikromita. Mimi kwa nusu ya uga huo nina 0.21. Sina tanuri la kauri ya namna hiyo, na skandi haiuzwi Kariakoo.

Ya pili ni ujanja wa kupanga, na huu ndio unaonivutia. Nyuzi mbili za joto ambazo kapasita inatoa zinaweza kujengewa ngazi. Unaweka safu ya kapasita, unapitisha mafuta katikati yake: zikichajiwa mafuta yanakwenda upande huu yakibeba moto, zikimwaga chaji yanarudi upande ule yakibeba baridi. Kila mzunguko unaanzia pale ulipoishia uliotangulia, hadi mwisho mmoja wa safu unatengana na mwingine kwa tofauti ambayo hakuna kapasita moja ingeweza kuifikia. Kwa njia hiyo taasisi ya LIST ya Luxembourg ilipata nyuzi 13 mwaka 2020, na mwaka 2023 ikafika 20.9 na uwezo wa kupoza wa wati 4.2, uga ukiwa volti 10 tu kwa mikromita. Hapo mimi niliacha kusema ni mchezo wa maabara.

Kujenga safu kwa 0.21 yangu ni kujichosha. Pampu yenyewe itaingiza joto zaidi ya ninalotoa. Naacha. Nitafuata swali la mzee.

Jumamosi, 29 Machi

Koili. Wazo: kapasita A imejaa, kapasita B tupu. Ukiziunga moja kwa moja zinagawana na kupoteza sehemu kwenye cheche. Ukipitisha kati yao koili na dayodi, mkondo ukishaanza kutembea unaendelea kwa kasi yake, unaisukuma chaji upande wa pili, na dayodi inauzuia usirudi. A inapoa wakati B inapata moto, kwa umeme ule ule. Kwa friji ndiyo hasa inavyotakiwa, maana siku zote nusu ya kapasita inapanda na nusu inashuka.

Koili nimeisokota kwenye feraiti ya taa ya zamani, jioni mbili, nimepoteza hesabu ya mizunguko mara tatu. Kwa kupima nadhani ni milihenri 100.

Jaribio la kwanza B ilifika volti 40. Swichi yangu ilikuwa inadunda: inagusa, inaachia, inagusa. Nimeweka transista badala yake. B ikafika volti 61. Iliyobaki nikaijazia kutoka kwenye betri, na kapasita ya kiyoyozi ikasema mikrokulombu 22, badala ya 90. Robo. Kwa hiyo betri sasa zinatoa milijoule 2.5 kwa kila mzunguko, na joto linalohama, kwa themokapo zote mbili, halijapungua kwa kiasi ninachoweza kukiona: A chini 0.2, B juu 0.2, kwa pamoja, bila kitu chochote kutembea isipokuwa umeme.

Hiyo ni 4.6 kwa 2.5. Najua hesabu hii inapendelea: haina tofauti ya joto ya kupanda, haihesabu transista wala Arduino. Lakini wiki mbili zilizopita ilikuwa 4.6 kwa 10.

Mzee alikuja baada ya tarawehe, nikambonyezea. Aliangalia mistari miwili ikiachana kwenye skrini, mmoja juu, mmoja chini, kama mkasi unaofunguka. Akataka kuweka kidole ndani ya hotipoti. Nikamzuia, si kwa sababu ya volti tu. Joto la kidole chake lingefuta kazi ya usiku mzima.

Betri zimeshuka hadi volti 8.1 kila moja. Kesho ninunue nyingine, na koili nyingine ya waya mnene zaidi, maana hii inapoteza umeme njiani.